Upande wa Pili wa Santuri

3 Machi

Leo ni tarehe tatu Machi. Imetimia miaka thelathini na nane tangu tuondoke kwetu. Mimi na mke wangu tulikuwa na namna yetu ya kuikumbuka siku hii: hatukuitaja. Tangu afariki sina wa kunyamaza naye, kwa hiyo naandika.

Mvua zimeanza. Dari ya jikoni, penye paa lake peke yake, inavuja palepale pa mwaka jana, nami nimetega sufuria ileile. Santuri nimezitoa kwenye ukuta wa nje nikazisimamisha sebuleni, wima, kwa sababu zikilala zinapinda. Binti yangu, anayekaa ghorofa ya juu yangu, alipita akacheka. "Baba, hizo unazitunza kuliko magoti yako." Nikamwambia magoti yangu hayajawahi kuimba.

Jioni kundi letu lilikutana. Tuko wanne, wote wa mji mmoja wa zamani, sasa tumetawanyika katika miji mitatu ya ugenini, na tunakutana kwenye simu. Mmoja huuliza, "Nini kinazunguka?" Kila mtu huweka santuri nyumbani kwake, husogeza simu kwenye spika, kisha hutuma. Kanuni ni mbili. Sindano kwanza, maneno baadaye: hakuna salamu kabla ya muziki. Na aliyecheza upande wa kwanza sharti zamu yake ijayo aigeuze, acheze wa pili. Kuacha santuri bila kuigeuza ni sawa na kumwacha mgeni amesimama mlangoni.

Leo Dereva, aliyeendesha malori mpaka macho yakamkatalia, alituletea dansi lenye vumbi. Mama Mkunga alileta kwaya. Fundi, aliyekuwa akitengeneza redio na gramafoni za mji mzima, alileta santuri ambayo lazima aliiosha kwa sabuni, maana haikutoa hata chembe ya mlio. Mimi nilicheza santuri ya filimbi, nikasikilizwa kwa adabu.

6 Machi

Fundi amevunja kanuni. Amesema kabla ya kuweka sindano.

"Jamani, mimi nakwenda nyumbani. Nataka kuiona nyumba ya baba kabla sijafa. Wanasema kumetulia."

"Wanasema nani?" Mama Mkunga akauliza.

"Watu."

"Watu walewale waliomwambia Mshonaji?"

Mshonaji alikuwa wa tano wetu. Alirudi mwaka jana. Alitutumia upande wa kwanza wa taarabu moja nzuri, akaahidi kuigeuza wiki itakayofuata, na hajaigeuza mpaka leo.

"Mama Mkunga, acha uchuro," Dereva akasema. "Mshonaji kapata mke kijana. Simu ataishika saa ngapi?"

Tukacheka. Mama Mkunga hakucheka. Huyu mama nampenda, lakini ana kipaji cha kumwaga maji kwenye kila moto.

9 Machi

Mvua kutwa. Ukungu kwenye majalada mawili. Nimeyafuta kwa kitambaa kikavu.

14 Machi

Fundi amefika. Amebeba gramafoni yake ya mkoba, na jioni hii ametuchezea kutoka kwetu. Kwetu! Niliisikiliza mara mbili, na mara ya pili sikuusikiliza wimbo hata kidogo, nilisikiliza nyuma yake. Watoto wanagombania kitu. Mwanamke anapiga hodi kwa jirani na kujibiwa "karibu" kwa lafudhi ambayo sijaisikia tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Huko hakunyeshi. Madirisha yako wazi.

Nyumba ya baba yake na yetu zilipakana, ukuta mmoja katikati. Fundi anasema ukuta umebomolewa na nyumba mbili zimekuwa moja. Humo anakaa bwana mmoja mwenye cheo fulani mtaani. Alimpokea vizuri, akampa chumba cha mbele, akamwandalia chai.

"Analipa kodi kwa nani?" Dereva akauliza.

"Kwa hewa."

Tangu hapo tunamwita Mpangaji.

Fundi anasema Mpangaji ni msikilizaji mzuri. Jana walikaa mpaka jua likazama, akimweleza habari zetu zote, za kundi, za santuri, za kila mmoja wetu. Huyo ndiye Fundi. Mweke na jiwe, atalifundisha tofauti ya sindano ya chuma na ya almasi.

19 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Jioni Fundi aliweka sindano. Gitaa mbili, ngoma, kisha tarumbeta likaingia, likaruka, likaingia tena. Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikakiweka chini.

Hiyo ni santuri yangu. Mruko ule ni wa mkwaruzo uliofanywa na pini ya nywele ya mke wangu, mwaka wetu wa kwanza wa ndoa, alipokuwa ameinama kupangusa vumbi. Katika dunia nzima tarumbeta lile linaingia mara mbili kwenye santuri moja tu, nayo tuliiacha juu ya gramafoni asubuhi tuliyokimbia, upande wa kwanza ukitazama dari. Nilitaka kuichukua. Mke wangu akasema, "Iache, wiki ijayo tutakuwa tumerudi."

Upande wa pili wa santuri hiyo yumo yeye. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mmoja wa wasichana watatu wa kiitikio, na kuna mahali wenzake wananyamaza anabaki peke yake. Bendi ilitoa nakala chache, na nyingine sijawahi kuiona popote. Sauti yake haipo mahali pengine. Kwenye simu alikuwa mtu wa kuandika tu, na kwenye sherehe akiona kamera anageuza uso. Miaka minne sasa namkumbuka uso, mikono, mwendo, lakini sauti inanitoroka. Najua ilikuwa nzito kidogo. Kujua si kusikia.

"Bwana Harusi!" Fundi akasema wimbo ulipokwisha. Ndivyo anavyoniita tangu aliponisimamia siku ya ndoa yangu. "Umeijua? Ilikuwa stoo kwa Mpangaji, chini ya magunia. Zamu ijayo nageuza. Jiandae na leso."

Dereva hakutania. Mama Mkunga alisema tu, "Mungu mkubwa."

21 Machi

Nilimwambia binti yangu. Alikaa kwenye kiti cha mama yake, akauliza maswali kama hakimu. Ilirekodiwa wapi? Anaimba maneno gani? Anasikika muda mrefu?

"Pumzi tatu hivi," nikasema.

"Baba, nenda ukailete."

"Fundi ataileta."

"Fundi ataisahau kwenye basi. Nenda wewe. Ukae wiki mbili, uione nyumba, urudi nayo." Tayari alikuwa na simu mkononi anatafuta tiketi. Ameshakata, ya tarehe ishirini Aprili. Nimemkemea, kisha nimemshukuru, kisha nimekwenda kutafuta sanduku.

24 Machi

Ilikuwa zamu ya Fundi kugeuza. Nilioga, nikavaa shati safi. Mzee mzima.

Sindano ikashuka. Gitaa mbili. Ngoma. Tarumbeta likaingia, likaruka, likaingia tena.

Upande wa kwanza.

"Fundi, umechanganyikiwa," Dereva akasema. "Geuza, mwenzako huku karibu azimie."

Jibu lilichelewa. Lilipokuja, lilikuja taratibu. "Upande wa pili umekwaruzwa sana. Hausikiki vizuri kwa simu. Mzee Mkalimani, utausikiliza ukifika hapa."

Nilikuwa mkalimani wa mahakama maisha yangu yote ya kazi. Niliajiriwa kusikia anachosema mtu, lakini mkate wangu ulikuwa kusikia anavyokisema. Fundi hajawahi kuniita mzee wala mkalimani. Na Fundi huyu, ambaye amecheza mbele yetu santuri zilizokaangwa na jua, zilizoliwa na panya, na moja iliyopasuka akaiunga kwa gundi, eti leo anaogopa mkwaruzo?

Labda amechoka. Labda ana homa.

25 Machi

Mvua. Sufuria mbili sasa.

28 Machi

Tumegombana. Nilisema ndani ya kundi kwamba sauti ya Fundi haikuwa yake. Dereva akaniambia woga wangu wa kusafiri nautafutia sababu.

"Miaka thelathini na nane unalia nyumbani, nyumbani. Leo umepata tiketi ya bure unatafuta mdudu kwenye kikombe."

"Dereva, mbona wewe hurudi?"

"Mimi nina macho mabovu."

"Nyumbani hakusomwi, kunaingiwa tu."

Hapo akazima. Nilisema vibaya, najua. Fundi mwenyewe alikuwemo, alama inaonyesha amesikiliza yote, hakutamka neno. Fundi, anyamaze watu wakigombania santuri!

2 Aprili

Zamu ya Fundi imezunguka tena. Tarumbeta, ruka, tarumbeta.

Nilivaa vipokea sauti vya binti yangu, vile vya masikioni, na kusikiliza nyuma ya muziki kama nilivyofanya siku ya kwanza. Watoto hawapo. Hakuna hodi. Madirisha yamefungwa, na hata mwangwi wa chumba si ule. Hiki ni chumba kidogo zaidi. Katikati ya gitaa mtu anakohoa, kikohozi kikavu cha kusafisha koo, karibu na simu kuliko spika ilivyo karibu. Fundi hakohoi hivyo. Wimbo ulipoisha, kabla rekodi haijakatika, nilisikia kitu cha chuma kikiteleza na kugota. Nilidhani ni mkono wa gramafoni. Nimerudia mpaka nimehakikisha. Ni komeo la mlango, na mlio wake umezibwa na ubao: limefungwa kutoka nje.

Nilimwita binti yangu. Alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Ni mlango tu, Baba. Watu hufunga milango."

"Wakiwa ndani hawafungi kutoka nje."

Alivua vipokea sauti akaviweka mezani, polepole, kama vitu vinavyoungua.

5 Aprili

Mto wa hapa chini umepanda. Daraja la miguu limefungwa. Sikutoka.

8 Aprili

Mama Mkunga alinipigia, si kwenye kundi, mimi peke yangu. Sijui kwa nini miaka yote hii nilimwona mtu wa kuharibu furaha. Mama huyu amepokea nusu ya mji wetu duniani. Akisikia kilio kisicho cha kawaida anakijua.

"Mkalimani, mwaka jana Mshonaji aliniita 'mheshimiwa'. Mara ya mwisho. Mimi, ambaye nilimtoa tumboni kwa mama yake, nikamtandika makofi alie! Nilijiambia labda ni mzaha."

"Ulimwambia nani?"

"Nilimwambia Dereva."

Nikampigia Dereva. Nilijiandaa kwa kejeli. Kwanza nilisikia televisheni yake ikizungumza peke yake.

"Ndugu yangu," akasema, "kila Ijumaa namtumia Mshonaji wimbo. Kila Ijumaa. Alama moja tu inatokea, ya kwamba umekwenda. Ya kwamba umefika haitokei. Lile neno la mke kijana nililitunga mimi ili nipate usingizi."

"Basi kwa nini ulitaka niende?"

"Nilitaka uende, ufike, unicheke."

Na mzaha wake wote wa mwaka mzima nikausikia upya, kama santuri iliyochezwa kwa kasi isiyo yake.

11 Aprili

Ujumbe kutoka simu ya Fundi. Wa maandishi: "Habari Mzee. Tarehe ya safari ni ile ile? Utapokewa. Ni lazima uje mwenyewe kwa sababu ya sahihi ya nyumba zote mbili. Santuri yako ipo salama."

Fundi haandiki. Vidole vyake ni vinene, anasema herufi za simu zimetengenezwa kwa ajili ya kuku. Tangu nimjue hajaniandikia mstari mmoja.

Sasa naelewa kilichotokea, na hakihitaji akili nyingi. Mpangaji amezifanya nyumba mbili kuwa moja na hawezi kuiita yake wenye nyumba wakiwa hai na wenye ndimi. Mmoja amejipeleka mwenyewe. Wa pili ni mimi. Na chambo cha kuniletea alipewa bure, wakinywa chai, na rafiki yangu asiyejua kuficha mapenzi yake: hadithi yangu mimi jirani yake, mke wangu, na upande wa pili wa santuri.

14 Aprili

Nitaandika ukweli, kwa kuwa hakuna anayesoma. Sanduku bado nalipanga.

Nayajua yote niliyoandika juzi, na bado jana nilinunua soksi mpya. Najiambia nakwenda kwa ajili ya Fundi, nikifika nitapiga kelele, nitamtoa. Kisha nikiwa peke yangu najikuta nafikiria zile pumzi tatu. Najiuliza wataniacha nisikilize kwanza? Hata kama ni mara moja, mlango ukiwa umefungwa? Mtu wa umri wangu anaweza kufanya biashara ya namna hiyo na asijione mjinga.

Binti yangu amelikuta sanduku. Alitoa soksi moja baada ya nyingine akazirudisha kwenye droo. Alipoondoka nikazitoa tena.

17 Aprili

Haikuwa zamu ya mtu. Ilikuwa asubuhi, nachemsha maji, mvua imepumzika. Simu ikalia. Fundi, sauti.

Mwanzoni hakuna muziki. Kuna pumzi ya mtu aliyeinama. Kisha mnong'ono, kabla ya sindano, kinyume cha kanuni zetu zote:

"Bwana Harusi."

Sindano ikashuka, na hapakuwa na tarumbeta. Palikuwa na kinanda. Nilifika kwenye ngazi sijui vipi, nikamwita binti yangu kwa jina la mama yake. Alishuka bila viatu. Nikairudisha mwanzo, tukasimama jikoni katikati ya sufuria mbili.

Upande wa pili haukukwaruzwa popote. Ni msafi kana kwamba umetoka kiwandani. Wasichana watatu wanaitikia, mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu wawili wananyamaza. Na huyo hapo. Si nzito kama nilivyokuwa nikijidanganya. Ni nyembamba, ina haraka kidogo, na kwenye neno la mwisho inakaribia kucheka. Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa akikaribia kucheka kila wakati.

"Ni mtoto," binti yangu akasema. "Baba, Mama ni mtoto kabisa."

Wimbo ukaisha. Sindano ikaingia kwenye mtaro wa mwisho, ule usio na muziki, ikaanza kugonga. Tak. Tak. Tak. Fundi alikuwa akimfokea yeyote anayeiacha sindano pale, anasema ni kuichonga santuri koo. Nilingoja aiinue. Hakuiinua. Komeo likateleza. Kikohozi kile kikavu, mbali, kisha karibu. Na sauti ya Fundi, safari hii yake kabisa, tulivu, kama mtu aliyemaliza kazi na kufunga boksi lake la vifaa:

"Nasikiliza tu."

Tak. Hapo ikakatika.

18 Aprili

Nimepiga. Haipatikani. Mama Mkunga amepiga, Dereva amepiga. Nimekwenda ofisi inayoshughulikia watu wa kwetu. Karani, kijana mpole, alisikiliza rekodi yote, akaniuliza wimbo ni wa lugha gani. Akasema mtu mzima ana haki ya kuzima simu yake. Ameandika jina la Fundi, nami nimehakikisha ameliandika sawasawa. Nimempa na la Mshonaji.

19 Aprili

Nimefikiri usiku na mchana kwa nini alicheza mara alipoachwa peke yake na simu. Alijua atasikika. Santuri haichezwi kwa siri, ndiyo sababu tunaipenda. Alijua pia kwamba siku nikiisikia sauti ile sitakuwa na cha kufuata tena. Hakuweza kuninong'oneza nisije, maana rekodi ikikutwa neno hilo lingemmaliza. Alichoweza ni kunipa kilichokuwa kinaniita, hukuhuku niliko, ili kisinivute tena.

Binti yangu ameuliza kama asingekata tiketi ingekuwaje. Nimemwambia tiketi haikumfungia mtu mlango. Hakuamini. Tutaishi na hilo, sote wawili.

Jioni Dereva aliuliza, sauti ikimkwama, "Nini kinazunguka?" Hakuna aliyeweka kitu. Tulituma mvua, kila mtu ya kwake.

20 Aprili

Ndege imeondoka adhuhuri. Niliisikia, au nilisikia nyingine.

Saa moja baadaye simu ya Fundi imeandika: "Mzee, hujaonekana. Fundi anakuulizia kila siku. Upande wa pili unakungoja."

Basi Mpangaji hajui kwamba nimeusikia. Fundi alifuta alichotuma, au Mpangaji aliingia akakuta mzee ameegemea gramafoni inayogonga, akadhani ni mapenzi ya santuri tu. Nimekaa na simu yangu mkononi mpaka maji yamechemka yakaisha. Kila nitakachojibu kitamfikia Fundi kupitia mkono wa mtu mwingine. Nikisema nimeusikia, namchoma rafiki yangu. Nikisema naja, atangojwa mtu asiyekuja, na huenda wakati wa kungojwa kwangu ndio wakati wa kuishi kwake.

Nimeandika: "Niliugua. Naja mvua zikiisha. Mwambie Fundi aitunze santuri, asiiguse mtu mwingine."

Nitaandika hivyo kila mvua, kila kiangazi, kwa adabu, nikiuliza habari za Fundi na kuomba nisikie sauti yake kidogo kabla sijakata tiketi nyingine. Sanduku nimelirudisha juu ya kabati. Soksi nimevaa.

Sitarudi.